Kware Wangu na Sahani ya Baba

Jumanne, 1 Julai

Kware wamekula kabla mimi sijanywa chai. Pumba yao kwanza, kisha mchicha, nimeukata mdogo mdogo. Wamegombania. Dalali kapiga kelele mpaka nikamtishia mwiko. Huyu dume tulimpa jina hilo kwa sababu mnada wake hauna siku ya mapumziko. Majike wao kimya, wanakula. Hata kwa ndege ni hivyohivyo.

Maganda ya mayai yamekauka vizuri juani. Nimeyatwanga yakawa unga, nimewachanganyia kidogo. Yanakaza mayai.

Baba yuko kwenye kigoda pembeni ya banda, anawatazama. Tangu nimlete kutoka Misima, hapo ndipo pake. Mama alipofariki alibaki peke yake kule Handeni, anajipikia, anasahau kula. Nilipokwenda kumwona baada ya mavuno nilikuta mifupa imevaa shati. Nikamwambia chumba kipo, twende Korogwe, mkwe wako mwenyewe ndiye kaniagiza. Ni kweli, Shabani aliniagiza.

Mwezi unakwisha sasa. Hajanenepa. Nataka Baba anenepe, basi. Mengine mwaka huu yasubiri.

Alhamisi, 3 Julai

Baba hawezi kukaa bure. Kafagia uwanja, kakaza waya wa banda, na jana jioni kachukua chungu changu kilichopasuka, kajaza mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi, kakifudikiza nyuma ya choo penye njia ya mchwa. Leo asubuhi kakifunua. Mchwa tele! Kware walichanganyikiwa. Baba kacheka kwa sauti. Sijamsikia hivyo tangu msiba.

Nimewapa kiganja kimoja tu, wengine nimewarudisha kwenye chungu. Nimemweleza Baba, kitafunwa ni kitafunwa. Kikizidi wanaacha pumba, wanaota mafuta tumboni, mayai yanakwama. Kaitikia. Kasema kwao Misima kware wa porini hawana wa kuwapimia.

Jioni tumekula mezani. Kwa Baba bado ni vita. Yeye ni wa zamani, anajua mtu na mkwe wake hawatazamani mdomoni. Mimi nimesema hapa mtaani kwetu Masuguru hatuna mambo hayo, meza ni moja, tutakula pamoja kama watu wanaopendana. Kaonja matonge mawili, kasema ndani kuna joto, atamalizia uani kwenye upepo. Julai hii, joto! Nimemwachia. Sahani imerudi safi kabisa.

Nimefurahi.

Jumapili, 6 Julai

Shabani hakwenda kazini Hale leo. Kashinda nyumbani, karekebisha taa ya jikoni, fundi umeme ambaye kwake taa hufa miezi.

Mchana wali na samaki wa nazi. Mbele ya Baba nimeweka kipande cha tumbo, anachokipenda. Kasema bismillahi, kagusa, kanywa maji, kagusa tena. Shabani naye anajilazimisha kuongea habari za mvua. Nikaona niwachangamshe. Nikasema, "Baba anaona haya utadhani bibi harusi." Shabani kacheka kidogo. Baba naye kacheka, midomo tu. Halafu kabeba sahani yake, kaenda zake uani.

Baadaye nimekwenda kuichukua. Miiba imepangwa ukingoni, punje ya wali hakuna. Basi haya zake zinaishia mezani, tumbo linafanya kazi yake. Nimetulia.

Jumatano, 9 Julai

Kware hawako sawa. Wanakunywa maji kupita kiasi, bakuli najaza asubuhi, saa sita limekauka. Kinyesi majimaji. Mayai yamepungua. Nimelaumu mchicha, labda niliuosha nikawamwagia ungali na maji. Kuanzia leo majani basi. Yai la kuchemsha nimelivuruga, nimewapa kijiko kimoja wagawane, wapate nguvu.

Walilitazama tu. Yai! Juzi juzi wangelipigania. Pumba nayo imebaki vilevile kwenye chombo. Yule jike mnene tunayemwita Bi Harusi ndiye kazidi, kawa duara, anatembea kwa kuyumba. Sielewi anachonenepea.

Shabani yuko zamu ya usiku tangu juzi. Mimi na Baba tunakula jikoni, chini, kwenye mkeka, ugali na mlenda. Jana kaomba aongezwe. Leo pia. Siku nyingine ana hamu, siku nyingine hana. Uzee ndio ulivyo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempima Baba nimshonee kanzu mpya. Futi ya kushonea haina upendeleo. Kifua kimepungua tangu kanzu ya Idi, tena kimepungua sana. Nimepima mara ya pili nikidhani futi imekunjika. Haikukunjika.

Nimempeleka hospitali hapohapo, cherehani nimeiacha na nguo ya mtu. Damu wamepima, mkojo wamepima, presha wamepima. Hakuna kitu. Daktari kijana kaniambia kwa adabu, "Mama, jitahidi mzee ale vizuri." Nilitaka kumrukia. Mimi! Baba anakula maini, anakula samaki, anakula wali wa nazi ambao mimi mwenyewe najinyima. Sahani zinarudi zimelambwa.

Njiani Baba kaniomba turudi polepole. Nimemshika mkono. Mwepesi mno.

Naogopa. Niandike tu hivyo. Naogopa ana kitu ambacho vipimo vya hapa havikioni.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda duka la dawa za mifugo kueleza habari za kware. Muuzaji kanisikiliza, kaniuliza mara moja tu: wanakula chumvi? Nikamwambia watakula wapi chumvi, mimi ndiye ninayewalisha, mchicha bila kitu, yai bila kitu, mchwa wa nyuma ya choo. Kasema ndege mdogo kiasi hiki, chumvi ya mboga ya watu inatosha kumharibu figo, na mafuta ya mboga yanammaliza ini. Kasema niangalie vizuri, kuna mtu anawatupia.

Nimetoka hapo nimefura. Kuna mtu. Nani anaingia uani kwangu? Bi Zarina.

Bi Zarina ana duka la nguo na vitambaa, nachukua kwake nyuzi na vifungo miaka yote. Anawapenda kware wangu, haji mikono mitupu. Na duka lake halikosi chauro kwenye bakuli la wageni, ule mchanganyiko wa vitafunwa vya kukaanga wenye pilipili na chumvi. Sikungoja. Nimemwendea mbele ya wateja wawili. Nimemwambia, "Dada, chauro yako inaniulia ndege."

Kanitazama. Kasema taratibu, "Mimi nawaletea dengu, Mama Zuhura. Naziloweka kwa maji matupu mpaka zinachipua. Chauro nitawapaje ndege?"

Nimeondoka na kiburi changu.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi Bi Harusi kafa. Kalala ubavu, miguu imenyooka. Wenzake wamejikunyata.

Mzoga hauliwi, lakini nilitaka kujua. Nimesafisha kuku maisha yangu yote, kware hanishindi. Baba alikuwa amelala. Nimechukua kisu kidogo, nikampasua juu ya jiwe la kufulia. Ndani mafuta ya njano kila mahali, ini limepauka. Nikapasua kile kifuko cha shingoni kinachotangulia kupokea chakula.

Wali. Punje za wali zenye nazi. Na vipande vya maini.

Maini ya jana. Nimeyajua. Niliyakata mwenyewe, nikayakaanga na kitunguu na bizari, nikayaweka kwenye sahani moja tu ndani ya nyumba hii. Mimi na Shabani, aliyemaliza zamu zake za usiku, tulikula maharage.

Nimekaa juu ya ndoo muda mrefu. Kila sahani safi nimeikumbuka, na furaha yangu kila nilipoiosha.

Jioni, hiyohiyo Jumatatu

Ningenyamaza. Ningeanza kesho kumpelekea chakula chumbani kwake, nifunge mlango, nisiseme neno. Mwanamke mwenye akili angefanya hivyo.

Mimi nimeuliza. Mezani, mume wangu kakaa, Baba kashika sahani anajiandaa kuondoka. Nimesema, "Baba, leo kaa. Kware wamekwisha kushiba." Nilidhani natania. Sauti ikatoka kali. Kisha nikaendelea, sijui nani alinisukuma, nikayasema yote, maini, wali, hospitali, kanzu. Nikasema watu watasema simlishi baba yangu.

Baba karudisha sahani mezani. Kasema, "Kumwaga chakula ni dhambi, mwanangu. Na kukila hapa nilishindwa." Hakumtazama Shabani. Shabani hakumtazama yeye. Kila mmoja kaangalia kitambaa cha meza.

Halafu kaomba ruhusa akalale. Kaomba ruhusa, kwangu mimi.

Jumanne, 15 Julai

Baada ya sala ya alfajiri nimemkuta kafunga mfuko wake. Kitanda kakitandika. Banda la kware kalifagia na maji kawabadilishia.

Nimemwomba. Nimepiga magoti, mtu mzima mimi. Nimemwambia utakula chumbani, utakula jikoni, meza nitaichoma kuni. Katabasamu. Kasema, "Hukunikosea. Nimekaa sana kwa mkwe."

Shabani kaja kamwamkia, "Shikamoo Baba." Kaitikia, "Marahaba, mkwe," kwa heshima yote, tena kamshukuru kwa kumpokea. Kwa adabu ileile aliyokuwa nayo siku alipopokea mahari yangu. Hakuna aliyekasirika. Kama angekasirika ningepata pa kushika.

Stendi nimemnunulia andazi na chai ya maziwa, nimemjazia chupa. Andazi kaliweka mfukoni. Kasema atakula njiani. Basi la Handeni limeondoka, nimebaki nimesimama na mfuniko wa chupa ya chai mkononi.

Nimemlisha Dalali na wenzake pumba kavu. Vitafunwa sina mkono navyo.

Alhamisi, 17 Julai

Jike mwingine kafa. Waliobaki wanaanza kula pumba, kwa kununa. Waliozoea maini watafanyaje?

Nimejaribu kuwachukia. Siwezi. Wao walipewa, wakala. Baba aliniambia siku ile ya mchwa kwamba wanakimbilia mkono wake, na macho yake yaling'aa. Ndani ya nyumba hii yote hao ndio waliokuwa wageni wake. Sisi tulikuwa wenyeji wake. Nimelia kidogo hapo bandani, nikapangusa macho na kanga, nikarudi kwenye cherehani.

Shabani hasemi. Leo asubuhi tu, akifunga viatu, kasema, "Ningejua, ningekuwa nakula kazini. Ningekuambia nimeshiba." Kumbe naye alikuwa anaona. Yeye tangu mwanzo hakuwa na raha na meza ile, aliona aibu kunipinga mbele ya baba yangu. Watu wawili wanaheshimiana mpaka mmoja anakonda, na katikati nipo mimi na ustaarabu wangu.

Mchana nimekwenda kwa Bi Zarina. Nimemwomba radhi mbele ya wateja, kwa sababu nilimtukana mbele ya wateja. Kaniambia nikae. Kaniletea chai. Hakusema nimekusamehe, kasema, "Mzee hajambo?" Hapo ndipo niliposhindwa. Nimemweleza kila kitu. Kanisikiliza, kisha kasema baba yake mwenyewe, aliyezaliwa hapahapa Korogwe, alikuwa anakuja kumtembelea anakula kwanza hotelini, ndipo anabisha hodi. Na yeye miaka yote hiyo alidhani mzee hapendi mapishi yake.

Tumecheka. Kisha hatukucheka.

Jumapili, 20 Julai

Nimempigia baba mdogo Omari, mdogo wake Baba, ndiye anayekaa naye sasa Misima. Kasema kafika salama. Nikauliza anakula? Kasema, "Anakula, kwa nini asile?" Alishangaa swali. Nikamwomba nizungumze na Baba. Tumesalimiana. Kaniuliza hali ya Shabani, hali ya binti yangu Zuhura kule shule ya bweni, hali ya jirani. Kisha kaniuliza kware. Nimemwambia wazima.

Sikuweza kumwambia kwamba wamekufa wawili. Atajua ni mkono wake. Acha nibebe mimi. Mimi ndiye niliyewadhuru wote, yeye na wao, kila mmoja kwa njia yake. Yeye nilimpa chakula asichoweza kukila, na kikawafikia wao, wasiopaswa kukila.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu kaja hata sijazeeka.

Ijumaa, 25 Julai

Kanzu nimeimaliza. Nimeishona kwa vipimo vya zamani, vya Idi. Shabani kaniuliza kwa nini naiacha pana. Nimesema nguo hupungua ikifuliwa. Uongo. Kitambaa hiki hakipungui.

Dalali kaanza tena kelele. Leo nimewapa mchicha kidogo, kidogo kweli, na maganda ya mayai. Wamekula. Yai moja, la kwanza tangu Bi Harusi afe. Ganda lake gumu. Zamani ningekimbilia uani kumwonyesha mtu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda Misima na kurudi leo hii. Nimechoka lakini naandika.

Nimekuta wamerudi kutoka shamba, mahindi yameanikwa uwanjani. Baba mdogo kanipokea mzigo. Baba alikuwa ananawa. Kanzu kaichukua, kaishika kitambaa kwa vidole, kasema fundi kajitahidi. Kaivaa juu ya shati hapohapo. Bado inampwaya, lakini mabega yameanza kuishika.

Mke wa baba mdogo kaweka sinia. Ugali, kisamvu, dagaa. Si chochote. Baba na mdogo wake wamekaa chini, sinia katikati, magoti yamegusana. Mimi nilikuwa upande wa jikoni na mama mdogo, napepeta, najifanya napepeta. Nimemtazama kwa pembeni.

Baba kala. Tonge kubwa, anachovya, anatafuna huku anaongea, mdogo wake anamnyang'anya dagaa na yeye anamnyang'anya. Kacheka chakula kikiwa mdomoni. Kala mpaka wakakwangua sinia, kisha kalamba vidole kimoja kimoja. Kagugumia maji. Kajinyoosha kwenye mkeka, kasema alhamdulillahi kwa sauti.

Zaidi ya mwezi alikaa kwangu. Sikuwahi kumwona akila hivyo hata mara moja, na sikujua kwamba sijawahi kumwona.

Nilikwenda nimepanga maneno. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nayasema moyoni. Turudi, Baba. Chumba chako kina mlango wake. Shabani ataomba zamu za usiku. Nimefika nayo mpaka uwanjani, nimekaa nayo mchana kutwa, nimerudi nayo Korogwe. Wakati wa kuaga kanishika kichwa, kaniombea dua, kasema nisikawie kuja tena. Habari za kurudi kwangu hakuzitaja. Alijua nimeshaona anavyokula.

Nimefika hapa jua limezama. Kware nimewapa pumba na maji. Meza nimeiandaa, watu wawili. Shabani kaniuliza Baba anarudi lini. Nimemwambia ale, chakula kinapoa.